Mashine ya Mfuniko wa Juu na Nguo za Mkwe

Hizi mashine za kufulia za siku hizi zenye mlango wa mbele sizipendi, na sitazipenda. Nimeziona kwa wajukuu. Unaingiza nguo, unafunga, basi umefungiwa na wewe. Ukikumbuka soksi imebaki kwenye beseni, imebaki. Maji ya bomba yakikatika inasimama na kulia lia kama kitoto cha mbuzi, na huwezi kuisaidia kwa ndoo, maana ukifungua mlango maji yote yanakuja miguuni. Mashine ni ile ya zamani ya mfuniko juu. Unainua mfuniko unaona maji, unaona nguo, unaona na uchafu unavyotoka. Bomba limekauka? Mimina kwa ndoo. Unataka kuloweka? Zima, nenda kageuze maharage, urudi.

Wapo wanaonibishia. Jirani yangu wa zamani pale Mpanda, mama mmoja Mfipa, tukikutana mpaka leo tunabishana. Yeye anasema uzuri wa mashine ile ulikuwa kukamua. Mimi nasema ulikuwa ule mti wa katikati, wenye mabawa, uliokuwa unazungusha nguo huku na huku kama mkono wa mtu. Yeye akiieleza anacheka mpaka anajifuta macho. Mimi sicheki. Ile mashine ilikuwa nyumbani kwa binti yangu, si kwake, na mwanangu alikuwa na mimba ya tatu wakati wa kwanza na wa pili hatukuwapata.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda bado iko chini ya Rukwa. Binti yangu alikuwa ameolewa na kijana wa Kisukuma, watu wake wamehamia Majimoto na ng'ombe wao, wanalima na mpunga. Kijana mwenyewe hakutaka ng'ombe. Alikuwa anashika stoo kwenye kambi ya kampuni moja ya barabara, akapanga nyumba mjini. Mimba mbili za kwanza zilitoka. Ya tatu ilipofika umri ambao zile zilitoka, mkunga alimwambia: "Usichote maji. Usichutame. Usiinamie beseni. Ukitaka mtoto, lala." Binti yangu akanitumia ujumbe kwetu Ugalla nije. Nikamwacha baba yake na mizinga yake ya nyuki, nikaja.

Sasa mtu wa leo hataona shida iko wapi. Mama amekuja, mama atafua, yamekwisha. Haikuwa hivyo. Kwetu mama mkwe na mkwe wake ni watu wa kukwepana. Hatuli chumba kimoja. Tukikutana njiani mmoja anapisha. Jina lake silitaji. Kitanda chake siketi, na nguo yake, hasa ile ya ndani, siigusi wala siiangalii. Kwao ni hivyohivyo, tena wao wamekaza zaidi. Kulala tu kwenye nyumba yake lilikuwa jambo la kuombewa ruhusa. Nilipewa chumba cha nyuma karibu na jiko, nikawa napita mlango wa uani. Yeye akirudi kutoka kazini alikuwa anakohoa toka barabarani ili nijifiche, na kweli nilikuwa najificha, mwanamke mzima na mvi zangu nyuma ya mlango wa jiko na mwiko mkononi.

Kwa hiyo nilichota maji, nikapika, nikafua nguo za binti yangu na zangu. Za mkwe zilibaki kwenye tenga. Na mwanangu, nikienda bombani, alikuwa anaamka kitandani anazifua kwa siri. Nilimkuta ameinama juu ya beseni, tumbo limegusa magoti.

"Unataka kumuua na huyu?" nikamwambia.

"Mama, hana shati la kesho."

"Aende bila shati."

"Mama, jamani!"

Jirani Mfipa akasema yeye atafua. Alikuwa mjane, mcheshi, hana haya. Akafua mara moja, na alipokuwa anaanika akainua suruali ya ndani ya mkwe juu ya kamba, akaipunga mbele ya mtaa kama bendera. "Jamani, simameni, bendera inapanda!" Binti yangu akalia siku nzima. Mume ni wake, yuko hai ndani ya nyumba, halafu mwanamke asiye na mume ndiye anayeanika nguo zake za ndani mbele ya watu. Nikamwambia jirani asifue tena. Akasema, "Basi zioze."

Mtaniuliza kwa nini mwenyewe asifue. Nami nilimuuliza binti yangu. Akaniangalia kama nimetukana. Mwanaume wa ukoo ule, ana kazi yake, ana mke, aonekane na povu mpaka kwenye viwiko? Wangesema amerogwa.

Ndipo ikaja mashine. Pale kambini palikuwa na mzungu mmoja aliyekuwa anamaliza kazi anarudi kwao. Aliileta mwenyewe kwa treni miaka ya nyuma, naye hakutaka kuirudisha. Akampa mkwe. Ikaletwa na gari la kambi, watu wanne wakaishusha, pamoja na boksi zito la transfoma, kwa sababu ilikuwa haili umeme wa kwetu mpaka upunguzwe. Nyeupe, pembe za mviringo, kutu kidogo chini, mfuniko mzito unaofunga kwa kishindo cha heshima. Juu ilikuwa na kitufe kikubwa cha kuzungusha. Ukikivuta inaanza, ukikisukuma inanyamaza. Ikawekwa uani chini ya kibaraza, juu ya sakafu ya saruji.

Nitasema ukweli, niliipenda. Umeme wa Mpanda siku zile ulikuwa wa jenereta na ulikuwa na saa zake. Jioni taa zilipowaka nilimimina ndoo moja baada ya nyingine mpaka ikatosheka, maana ikitosheka ilianza yenyewe. Tuliikwangulia sabuni ya mche. Ule mti ukaanza kupiga, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na nguo zinazama na kuibuka. Jirani alikuja na kigoda chake akakaa mbele yake kama yuko ngomani.

"Tazama kiuno hicho," akasema. "Huyu ni mwanamke wa wapi?"

"Ni chuma," nikamjibu.

"Chuma kinakatika kuliko wewe, bibi."

Ilipofika kukamua ikaguna, ikatulia, halafu ikaanza kuzunguka kwa kasi mpaka kibaraza kikatetemeka. Jirani akasimama akapiga vigelegele. Nguo zilitoka karibu zimekauka. Mimi mikono yangu imekamua mablanketi toka utoto, nilijua maana ya jambo lile.

Lakini shida yetu haikwisha, ilibadilika. Nguo za mkwe zitaingiaje? Mwanangu akasema mashine haina mkono wa mtu, kwa hiyo hakuna anayegusa. Nikamuuliza, nani atazitoa kwenye tenga kuziweka ndani, na nani atazitoa ndani kuzianika? Tena gauni langu liko ndani ya maji yaleyale na suruali yake? Akafikiri. Akachukua mfuko wa kitambaa uliokuwa wa unga, akatia humo nguo zote za mumewe, akaufunga mdomo kwa kamba. Ukawa kama kichanga kilichofungwa nepi. "Huoni kitu," akasema. "Unashika mfuko, hushiki nguo. Utafulia humo humo, na kuanika nitaanika mimi, kuanika hakuhitaji kuinama."

Nilikubali. Jirani naye, ambaye hakuwa na mkwe wa kumkwepa, aliona ni akili kubwa. Wote watatu tulisimama pale tukiusifu ule mfuko.

Mashine ya mfuniko wa juu ina jambo moja ambalo kila aliyeitumia analijua, na sisi hatukuwa tumelijua bado. Nguo lazima zizunguke ule mti pande zote sawasawa. Ukiweka mzigo mmoja mzito upande mmoja, kufua itafua, lakini wakati wa kukamua itakwenda kichaa. Ule mfuko ulikunywa maji ukawa mzito kama jiwe la kusagia, ukakaa upande wake haukuondoka.

Nilikuwa jikoni naepua chungu. Nikasikia mlio wa kugonga, du, du, du, kisha saruji inakwaruzwa. Nikatoka. Mashine ilikuwa inatembea. Inaruka, inatua, inakwenda kuelekea kwenye ngazi ya uani, waya wa transfoma umevutika. Na mwanangu, aliyetakiwa kuwa kitandani, ameikumbatia kwa mikono miwili, ameigandamiza kwa tumbo lake ili isidondoke.

"Achia!" nikapiga kelele. "Achia, mpumbavu we!"

"Itavunjika, Mama!"

Nilimvuta kwa nyuma kwa khanga yake. Kile kitufe nikakisukuma kwa kiganja. Ikanyamaza. Yeye akasimama pale amejishika, uso umekuwa wa majivu. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo sana, "Mama, kuna kitu kinashuka."

Jirani ndiye aliyetafuta baiskeli na mtu wa kuiendesha. Tulimkalisha kwenye keria, mimi nyuma namshikilia, mpaka hospitali. Alilazwa. Damu ilikuwa kidogo, ikasimama. Mkunga yule yule akatutazama kwa ukali ambao ningekuwa nao mimi kama ningekuwa yeye. Akasema mtoto bado yumo. Akasema safari hii si kulala kwa maneno, ni kulala kweli, mpaka siku ya kuzaa.

Niliporudi nyumbani asubuhi kuchukua khanga safi, mashine ilikuwa palepale katikati ya ua, imekaa upande. Nikainua mfuniko. Ule mfuko umelala upande wake, umevimba. Nikausukuma uende katikati, ukarudi. Nikausukuma tena, ukarudi. Khanga za mgonjwa zilikuwa chini yake, zinahitajika siku ileile, na zilikuwa zinachuruzika maji.

Nikafungua kamba.

Nilitoa shati. Nikatoa suruali. Nikatoa na zile nyingine, moja moja, nikazipanga kuzunguka ule mti, shati hapa, khanga pale, gauni langu, suruali yake, mpaka mzigo ukawa sawa pande zote. Sikufumba macho. Umeme wa jioni ulipokuja mashine ilikamua kwa utulivu bila kutikisika. Nikaanika vyote kwenye kamba moja.

Mkwe akarudi kutoka hospitalini, akakohoa barabarani kama kawaida. Nikajificha kama kawaida. Nikamwona kwa upenyo wa mlango. Alisimama mbele ya kamba. Nguo zake za ndani zilikuwa katikati ya gauni langu na kitambaa changu cha kichwa. Akachutama kuelekea jikoni, uso ameupeleka ukutani.

"Mama," akasema. "Nani amefungua mfuko?"

"Mimi."

"Mama."

"Mfuko ndio uliompeleka mke wako hospitali. Nitafua hivi mpaka azae."

Aliinuka akaondoka, nguo akaziacha zimening'inia. Mashati hayo alikuwa anavaa kila siku kwenda kazini. Kesho yake aliyaacha kwenye kamba, akaenda na lile chafu la juzi.

Binti yangu akarudi nyumbani, akalala chumbani na miguu imeinuliwa kwa mito. Nikaendelea kufua. Kila wiki nilikuwa napanga nguo za mkwe kwenye mashine na kuzikunja na kuziweka kwenye kiti mlangoni kwa mke wake, na kila wiki alikuwa anavaa chache zaidi. Kisha akatuma watu Majimoto.

Mama yake alikuja na gari la mpunga. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alikaa kibarazani mbele ya mashine, mimi nikakaa juu ya mkeka, na mkwe akakaa mbali karibu na geti, ametupa mgongo. Jirani akajifanya anafagia upande wake wa uzio.

"Mwenzangu," akaanza mama yake, "nimesikia siku hizi umekuwa mke mdogo."

"Sijawa."

"Mke ndiye anayejua nguo ya ndani ya mume ina tobo wapi. Wewe unajua?"

"Najua," nikamwambia. "Na lina ukubwa gani."

Nyuma ya uzio fagio lilisimama.

Mama yule hakucheka. Akasema jambo hili kwao halina mchezo. Akasema mwanawe hali vizuri, analala na aibu, kazini wanamtania. Nirudi Ugalla, tena upesi, halafu wazee watakaa waone la kufanya.

"Nikienda, nani atachota maji?"

"Atatafutwa mtu."

"Alitafutwa hapo mwanzo? Mimba mbili zilitoka, alitafutwa?" Nikamgeukia kabisa. "Baki wewe. Wewe ni mama yake, nguo zake ulizifua akiwa mtoto, hakuna atakayekucheka. Mashine hiyo hapo. Nitakufundisha leo, kesho naondoka."

Akaiangalia mashine. Nilifikiri atakubali. Naapa, kama angekubali ningefunga mzigo wangu siku ileile. Lakini mpunga ulikuwa shambani, ndege wanaula, na ng'ombe wanamtegemea yeye. Akasema hawezi.

"Basi siondoki mpaka mtoto atoke," nikasema. "Akitoka nitaondoka bila kufukuzwa."

Ndani, binti yangu alikuwa anasikia kila neno, nilisikia kitanda kinalia. Kisha mkwe, bila kugeuka, akasema kule getini: "Mama asiondoke. Nitaondoka mimi."

Alifunga sanduku lake jioni ile. Akaenda kukaa kambini, ili pasiwe na nguo yake ndani ya nyumba nikikaa. Mama yake akasema mwanangu ameachwa kwa sababu yangu. Mkwe akasema hajaacha mtu. Lakini aliondoka, na chakula alikuwa analeta kwa kumpa jirani juu ya uzio.

Miezi ile ilikuwa mibaya. Mwanangu alilala anatazama bati. Hakunilaumu kwa mdomo. Ukimpelekea uji alikuwa anauliza, "Amepita?" Nikimwambia amepita ameacha unga, alikuwa anauliza, "Aliuliza nini?" Nami sikuwa na la kumwambia, maana aliyeongea naye ni jirani, na jirani aliongeza chumvi mpaka hujui lipi lake. Nilikuwa nafua mashuka kila jioni, mara nyingine safi, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Nainua mfuniko natazama ule mti unavyopiga. Kila nilipoona wekundu kwenye maji nilikisukuma kitufe nikaangalia, na mara zote ilikuwa rangi ya khanga.

Mtoto alitoka wa kike, kabla kidogo ya wakati wake, mdogo, mwenye hasira. Alilia kabla hawajamfuta. Mkunga akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Baba wa mtoto alikuja nyumbani siku ya tatu. Alikohoa barabarani. Nikapita mlango wa uani, nikasimama jikoni, na ukuta ule ulikuwa mwembamba.

"Amefanana na mama yako," binti yangu alimwambia.

"Amechukua pua yake," mkwe akasema.

Mtoto akakoroma. Kisha binti yangu akauliza, "Umekuja kukaa, au umekuja kuona?"

"Kuona," akasema.

Hakuna aliyenifukuza, na sikungoja wazee wa Majimoto wakae. Mtoto alipoanza kunenepa na mama yake anatembea hadi bombani na kurudi bila kuchoka, nilikunja vitu vyangu. Nilimfundisha mwanangu kupanga nguo kuzunguka mti, za mume, za mtoto, zake, bila mfuko wowote. Nikamwonyesha kitufe cha kusukuma ikianza kugonga.

"Kaa mpaka atambae," akaniomba.

"Nikikaa, baba yake atakuwa mgeni mpaka aolewe."

Akalia. Nikamwacha alie, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua. Nilipanda gari la Ugalla asubuhi, jirani akanisindikiza anatania njia nzima, mpaka gari lilipowaka ndipo akanyamaza.

Mkwe alirudi wiki ileile na sanduku lake. Niliambiwa na watu waliotoka mjini, na nilishukuru. Mpanda sikwenda tena haraka, kwa kuwa nyumba ilikuwa imetulia na sikutaka kuitikisa. Nilipomwona tena yule mtoto alikuwa anakimbia. Nikamnyooshea mikono. Akaenda kujificha nyuma ya miguu ya baba yake, na baba yake, kwa heshima, akatazama pembeni.